Maswali Yenu: Mwanajeshi Akirudi Nyumbani na Jeraha

Barua za safari hii nyingi zimetoka katika nyumba zenye mwanajeshi aliyeumia kazini, au mstaafu anayeishi na jeraha la zamani: la Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, la Msumbiji, la Darfur, la Kongo. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi inayajua mambo haya kwa karibu. Pale Naliendele wamelala wanajeshi wetu waliokufa Msumbiji, na Julai 25, Siku ya Mashujaa, hukumbukwa. Leo tunawajibu wanaowauguza walio hai.

Jambo moja limejirudia karibu katika kila barua. Hospitali ilifanya kazi yake. Kilichoharibika kiliharibikia nyumbani, kwa sababu hakuna aliyekaa na familia akaieleza ifanye nini asubuhi na jioni. Majibu yametolewa na muuguzi wa majeraha, fundi wa viungo bandia, mshauri wa afya ya akili na mwanasheria wa mirathi.

Mume wangu amekatwa mguu chini ya goti. Kidonda kimefunga, lakini kigutu kimevimba. Nimeambiwa nimfunge bandeji, na kila nikifunga analalamika inamkaba. Usiku hulala na mto chini ya goti ndipo apate nafuu. Je, ni sawa? — Mama Zuhura, Masasi

Pole sana, mama. Bandeji ndiyo dawa ya uvimbe huo, ila namna ya kuifunga ndiyo kila kitu. Ukiizungusha mviringo, duara juu ya duara, unakuwa umemfunga kamba: damu inaingia na hairudi, ncha ya kigutu inajaa na sehemu ya juu inasinyaa. Kigutu cha umbo hilo hakiingii vizuri kwenye mguu wa bandia.

Tumia bandeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 10. (Aliyekatwa juu ya goti anahitaji ya sentimita 15.) Mume wako akae goti likiwa limenyooka. Anza mbele, chini ya goti, ishushe bandeji ipite juu ya ncha na kupanda nyuma, rudia mara mbili ili ishike. Kisha izungushe kwa mshazari, ikipanda upande huu na kushuka upande ule, mistari ikikatana kama tarakimu 8. Mkazo uwe mkubwa kwenye ncha na upungue kadiri unavyopanda. Malizia juu ya goti, kifuniko cha goti ukiache wazi. Ncha ya bandeji ibane kwa plasta, siyo pini, maana ngozi ya kigutu huenda isihisi pini inapochoma.

Fungua na kufunga upya kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa sababu bandeji hulegea na kujikunja yenyewe. Akisema inadunda, inachoma, au ukiona ngozi imekuwa ya bluu au imefifia, fungua papo hapo. Uwe na bandeji mbili, moja mguuni na moja ya kufua. Ifue kwa sabuni ya kawaida, ikamue taratibu na kuilaza juu ya kitambaa kivulini. Ukiianika kwenye kamba huvutika kwa uzito wa maji na kupoteza nguvu.

Sasa huo mto. Uondoe leo. Tunajua unampa nafuu, na ndiyo maana watu wengi wanaudumisha. Lakini goti linalolala limekunjwa kila usiku hukaza misuli ya nyuma ndani ya wiki chache, na goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee hata akipewa mguu mzuri kiasi gani. Badala yake alale kifudifudi dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, uso ukielekea upande wa mguu mzima. Akikaa kwenye kiti, mwekee ubao unaoanzia chini ya makalio hadi kwenye ncha ya kigutu ili goti lisining'inie. Kushinda kwenye kigoda barazani, goti limekunjwa toka asubuhi, ni kosa lilelile la mto.

Kwa kuwa kidonda kimefunga kabisa, kila siku weka vidole viwili juu ya kovu na kuisogeza ngozi huku na huku kwa dakika 5. Usisugue juu ya kovu. Isogeze ngozi yenyewe juu ya mfupa. Kovu lililogandamana na mfupa huchanika mtu anapoanza kutembea.

Baba yangu ni mstaafu, ana mguu wa bandia wa siku nyingi. Kila msimu wa kupulizia mikorosho ngozi ya kigutu hubabuka. Msikitini akivua viatu anayumba kama anayetaka kuanguka nyuma. Mguu umekwisha au ni yeye? — Kijana wa Tandahimba

Mfikishie mzee shikamoo zetu. Yawezekana mguu haujaisha. Hapa kuna mambo manne tofauti, na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ni salfa, dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho. Unga wake ni laini mno, hupenya ukingoni mwa kikombe cha mguu, yaani pale kigutu kinapoingia, ukakutana na jasho na kukaa hapo ukisuguliwa na uzito wa mwili kwa saa nzima. Ngozi yoyote ingebabuka. Tungependa mzee asimamie na wengine wapulizie, kwa sababu bomba la mgongoni likijaa linaongeza uzito mkubwa unaoshukia wote kwenye kigutu. Kama hana mtu, avae suruali ndefu iliyofungwa juu ya ukingo wa kikombe, na akimaliza tu avue mguu, aoshe kigutu, apanguse kikombe na kubadili soksi kabla ya kula.

La pili ni jasho lenyewe. Kigutu kioshwe jioni, siyo asubuhi. Ngozi iliyolowa huvimba kidogo na kunata ndani ya kikombe. Huko kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya shida, lakini kazi hii haihitaji zaidi ya lita moja: nusu kwa kigutu, nusu kwa kikombe na soksi. Sabuni ya kipande isiyo na manukato makali inatosha. Asitumie spiriti wala dawa ya kuulia vijidudu, zinakausha ngozi na kuipasua. Asinyoe nywele za kigutu, maana zikiota upya hugeuka vipele. Mafuta ya nazi ni ruhusa usiku, asubuhi hapana. Kikombe kikaushwe kivulini, kimeinamishwa. Wanaokianika juu ya bati au kukiweka karibu na jiko la mkaa hukipinda, na kikishapinda hakirudi.

La tatu ni kigutu kupungua. Hupungua sana katika mwaka wa kwanza, na hata baadaye mtu akikonda. Dalili yake ni maumivu kwenye ncha na mguu kutoa sauti ya upepo anapokanyaga: amezama ndani kuliko inavyotakiwa. Tiba ni kuongeza soksi ya kigutu, moja moja, hadi akae sawa. Akihitaji zaidi ya soksi nene tatu, hapo kikombe kimekwisha kazi na kinatakiwa kipya. Mguu wa kawaida unaotumika kila siku hudumu kati ya miaka 3 na 5. Wayo huchakaa kabla ya sehemu nyingine, kwa hiyo aukague kama una nyufa, hasa akitembea kwenye mchanga na maji ya chumvi.

La nne, msikitini. Wayo wa bandia wa kawaida hauna kifundo kinachojirekebisha. Fundi aliupanga kwa kiatu chenye kisigino cha urefu fulani, tuseme sentimita 2. Akivua kiatu, kisigino kinashuka sentimita hizo 2 na mguu mzima unamsukuma nyuma. Ndiyo maana anayumba, na ndiyo maana malapa yasiyo na kisigino pia hayamfai. Akatiwe kipande cha mpira mgumu chenye unene uleule, umbo la kabari, kishonewe kwenye soksi safi ya kuingilia msikitini. Akinunua viatu vipya, apime kisigino kabla ya kulipa.

Malengelenge yakitokea, mguu uvuliwe hadi ngozi ipone, atumie magongo. Kuweka plasta na kuendelea ni kuligeuza lengelenge la siku 4 kuwa kidonda cha miezi 2. Magongo nayo yapimwe: yaishie upana wa vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Anayening'iniza mwili kwenye makwapa huua mishipa ya fahamu ya mkono. Mipira ya chini ikiisha, ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kwa kikombe kipya, warsha zinazojulikana ziko katika hospitali za MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) na CCBRT jijini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi. Aliye bado kazini aanzie hospitali ya jeshi. Pigeni simu kabla ya kusafiri zaidi ya kilomita 500. Jipangeni kukaa huko wiki 2 au 3, siyo siku 2, kwa sababu baada ya kupimwa kuna kusubiri, kujaribu, kurekebisha na kufundishwa kutembea. Wanaorudi na mguu ambao hawakujaribiwa vya kutosha huishia kuutundika ukutani.

Mume wangu amekatwa mguu, na anaumwa unyayo ambao haupo. Anaona aibu kusema, watu watadhani amechanganyikiwa. — Mke, Nanyumbu

Hajachanganyikiwa. Ubongo bado una nafasi ya ule mguu na unapokea ishara kutoka kwenye mishipa iliyokatwa. Maumivu ni ya kweli. Tafuta kioo kirefu, hata cha kabati. Akae, kioo kisimame katikati ya miguu yake, uso wa kioo ukielekea mguu mzima na kigutu kikifichwa nyuma. Aangalie kwenye kioo huku akiuchezesha mguu mzima polepole, akunje vidole, azungushe kifundo. Dakika 15 kila siku, kwa wiki 4 angalau. Wengine siku za mwanzo hupata huzuni au kizunguzungu. Apunguze muda, na ikizidi aache. Kugongagonga kigutu kwa vidole na kuvaa mguu wa bandia pia husaidia. Maumivu yakimnyima usingizi, daktari anaweza kumwandikia amitriptyline kwa dozi ndogo ya usiku. Vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu mara nyingi havifui dafu hapa, kwa hiyo asiviongeze mwenyewe.

Mwanangu aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya gari akiwa kazini. Hahisi kitu kuanzia kifuani kwenda chini. Ana mpira wa mkojo. Nina miaka 58, niko peke yangu naye. Naogopa vidonda. — Mama, Lindi mjini

Shikamoo mama. Una haki ya kuogopa vidonda, na habari njema ni kwamba vingi vinazuilika kwa mikono na saa ya ukutani.

Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kwa kuwa hahisi, hasogei. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Akilala ubavu, mwekee mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Visigino vining'inie hewani kwa kuweka mto chini ya ndama za miguu. Godoro liwe la sponji ngumu lenye unene wa sentimita 10 au zaidi. La sufi hufanya mabonge. Kwenye kiti mwendo, ajinyanyue kwa mikono au ainame mbele hadi makalio yaachie kiti, kila dakika 15 hadi 30, ahesabu taratibu mpaka sitini. Pete ya mpira yenye tundu katikati msiinunue hata mkipewa bure, inakata damu pembeni.

Kila asubuhi na jioni mkague ngozi: kitako, nyonga, mgongoni chini, visigino, vifundo, nyuma ya kichwa. Tumieni kioo kidogo ili naye ajione. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa: sehemu yenye joto, ngumu au iliyofifia kuliko jirani yake ni kidonda kinachoanza. Isibebe uzito tena hadi irudi kama ilivyokuwa. Usiisugue.

Jambo moja jingine lazima ulijue, kwa sababu aliyeumia juu kiasi hicho anaweza kufa nalo. Akipatwa ghafla na kichwa kuuma sana, uso kuiva na kutoka jasho juu ya usawa wa jeraha, shinikizo la damu limeruka. Mkalishe wima mara moja, miguu ining'inie, fungua mkanda na kila kinachobana. Kisha angalia mpira wa mkojo: umejikunja? umeziba? mfuko umejaa? Mara nyingi chanzo ni hapo. Kinachofuata ni choo kigumu, kisha kidonda au ukucha ulioingia nyamani. Ukikiondoa chanzo na hali isitulie ndani ya dakika chache, ni hospitali, na umwambie daktari neno kwa neno: "Aliumia uti wa mgongo juu, presha imepanda ghafla." Si kila kituo kimekutana na hali hii, basi liandikwe kwenye karatasi ibandikwe mlangoni, hata mtoto wa jirani aweze kulisoma.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Anywe lita 2 hadi 3 kwa siku, kidogo kidogo. Mpira wa kawaida hubadilishwa kila wiki 4 hivi. Muulizeni daktari kama anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi kila saa 4 hadi 6. Mikono yake ikiwa mizima, njia hiyo huleta maambukizi machache kuliko mpira wa kudumu. Choo kipangiwe wakati mmoja usiobadilika, nusu saa baada ya chai ya asubuhi, kwa kuwa tumbo huamka baada ya kula. Kunde, choroko, mbaazi, samaki na papai vyote mnavyo hapo. Ngozi haijengeki kwa ugali mtupu. Na asiwekewe kikombe cha chai ya moto mapajani. Ataungua bila kujua.

Nawe unahitaji usiku wa kulala. Kuna jibu juu ya hilo mwishoni.

Mume wangu alirudi kutoka kulinda amani Kongo. Hulala mkabala na mlango. Ngoma za jando zikianza, au wavuvi haramu wakipiga baruti, anajitupa chini. Nikimwamsha usiku ananikamata shingo, kisha analia. Sasa ameanza kunywa gongo. Watu wanasema amerogwa. — Dada S., Mtwara vijijini

Pole, dada. Desemba 7, 2017 pale Semuliki, mashariki ya Kongo, walinda amani wetu zaidi ya kumi waliuawa usiku mmoja na makumi wakajeruhiwa. Si sisi wa kusema mume wako aliona nini, lakini mwili uliozoea kuwa tayari kwa kifo haupokei amri ya kutulia kwa sababu tu umefika nyumbani. Ndoto zinazorudi, kushtuka, kukwepa watu, hasira za ghafla: zikipita mwezi mmoja na kuvuruga maisha, ni ugonjwa wenye jina, PTSD, na una matibabu.

Usimwamshe kwa kumtikisa wala kumwinamia. Simama miguuni pake, nje ya urefu wa mkono, washa taa, umwite jina lake na kusema uko wapi: "Upo nyumbani, Mtwara, mimi mke wako." Akiamka, mpe maji baridi, akanyage sakafu kwa miguu mitupu, ataje vitu anavyoviona chumbani. Usimuulize ndoto ilihusu nini. Kama anakushika shingo, lala kitanda kingine kwa sasa, na mkubaliane juu ya hilo mchana, akiwa ametulia, ili asione umemkimbia. Ngoma za jirani zikijulikana siku yake, mwambieni mapema. Mlio unaotarajiwa haumshtui kama usiotarajiwa.

Watoto waambieni ukweli unaowafaa: baba aliumia ndani, hajawakasirikia, na hawatakiwi kumrukia kwa nyuma.

Kuhusu pombe. Gongo, na uraka, pombe ya mabibo, msimu wake ukifika, humlaza mtu upesi, kisha usingizi hukatika usiku wa manane na ndoto huja kwa nguvu zaidi. Ikiwa anakunywa kila siku, asiache kwa ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege; aachishwe kwa msaada wa daktari.

Matibabu yenyewe ni mazungumzo ya kitaalamu yanayolirudia tukio hatua kwa hatua, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na kwa wengine dawa kama sertraline, ambayo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifai, na hapo ndipo matibabu hukwama. Valium za dukani hazitibu hali hii na humfanya mtu azitegemee. Nendeni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali ya jeshi kama bado yupo kazini. Wapo wanaoogopa cheo kitapotea. Tunavyoona sisi, kinachoharibu kazi ya mtu haraka zaidi ni ugomvi na ulevi ambao haukutibiwa. Kama mtaita shehe au mchungaji amwombee, mwiteni, na kliniki muende vilevile.

Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Siku hiyohiyo toa nyumbani viuatilifu vya mikorosho na silaha ya aina yoyote, vikae kwa mtu mwingine, asiachwe peke yake hadi afike hospitali. Na akikupiga, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Ugonjwa wake unaeleza mengi, lakini haukuondolei haki ya kuwa salama.

Babu ana vipande vya bomu mwilini tangu Vita vya Kagera. Hospitali wanataka kumpiga kipimo cha MRI. — Mjukuu, Nachingwea

Waambieni kabla hajaingia kwenye chumba hicho. MRI ni sumaku kubwa sana; chuma kilichotulia miaka mingi kinaweza kusogea au kupata joto, na hatari zaidi ni kipande kilicho jichoni, kichwani au karibu na uti wa mgongo. Apigwe kwanza eksirei. Daktari ataamua kama kipimo cha CT, kisichotumia sumaku, kinatosha. Mwandikieni kadi ya mfukoni yenye maneno "Ana vipande vya chuma mwilini" na sehemu vilipo. Kipande kisichouma kwa kawaida huachwa. Pakivimba, pakipata joto au kutoa usaha, aonwe mara moja, na fundi wa mtaani asiguse.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi, amefariki kutokana na majeraha. Kikao cha ukoo kimemchagua mjomba wake kuwa msimamizi wa mirathi. Mimi nina cheti cha ndoa na watoto wanne. Nimeachwa nje? — Mjane, Newala

Pole kwa msiba, dada. Hujaachwa nje. Huku kwetu Wamakonde, Wamwera na Wayao wajomba wana sauti kubwa na busara yao inahitajika, lakini msimamizi huteuliwa na mahakama, siyo kikao. Nawe unaweza kuomba usimamizi, au kuweka pingamizi dhidi ya aliyeomba. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila unafungua Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi mara ya mwisho. Nenda na cheti cha kifo cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na muhtasari wa kikao cha familia kama upo. Hakikisha muhtasari unataja warithi wote kwa majina. Hata mjomba akiteuliwa, yeye ni msimamizi tu: ndani ya miezi 4 anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na mgawanyo, Fomu namba 5 na 6. Asiporudisha, mwombe hakimu amwite.

Upande wa jeshi, anzia kikosi chake cha mwisho ukiwa na namba yake ya jeshi. Kama aliumia katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, madai hayo huwasilishwa na serikali yetu, familia haiandiki moja kwa moja. Kazi yako ni kuhakikisha kikosi kina taarifa ya tukio na ripoti ya daktari. Mambo yanapokwama, mara nyingi ni jina: kwenye cheti cha ndoa Hamisi, jeshini Hamis, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA jina la tatu tofauti. Linganisha herufi leo na tafuta kiapo cha majina kabla ya kusafiri. Nakala zithibitishwe, seti tatu, na asilia zisitoke mikononi mwako isipokuwa ofisa anaangalia na kukurudishia. Anayekupigia simu akitaka pesa ili "asukume faili" ni kishoka. Usimtumie.

Na kwa wenye wastaafu hai: pensheni hupitia Hazina, na asiyejitokeza kwenye uhakiki anaweza kusimamishiwa malipo. Mgonjwa asiyetoka kitandani atolewe taarifa Hazina Ndogo ya mkoa mapema, kwa barua ya mtendaji wa kijiji na ya daktari, kabla ya uhakiki, siyo baada ya pesa kukatika.

Sisi ni kikoba cha akina mama. Jirani yetu mwanajeshi amerudi kwenye kiti mwendo. Tumekusanya pesa kidogo, tumnunulie nini? — Kikoba, Mikindani

Kabla ya kununua, mwulizeni mkewe. Wengi hupeleka unga na sabuni, vinapokelewa kwa shukrani, ilhali kinachokosekana ni nauli ya kliniki ya mwezi ujao na mtu wa kukaa na mgonjwa. Pangeni zamu: wanawake wawili waliofundishwa kumgeuza, usiku mara mbili kwa wiki, mke alale chumba kingine. Hilo ndilo jibu tulilomwahidi mama wa Lindi pia, na hata tawi la MUWAWATA, umoja wa wanajeshi wastaafu, likiwepo karibu, linaweza kutoa watu wa zamu.

Pesa yenyewe ijengeeni njia mlangoni. Kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu: ngazi ya sentimita 15 inataka njia ya sentimita 180. Mafundi hupenda kuifupisha ili kuokoa saruji, na matokeo yake mtu anasukumwa badala ya kujiendesha, au anapinduka kinyumenyume. Upana uwe mita 1, kingo za sentimita 5 pande zote, na juu, mbele ya mlango, sehemu bapa ya mita 1.5 ambapo kiti kinatulia akifungua kitasa. Mlango uwe na nafasi wazi ya sentimita 80. Jazeni mawe yaliyoshindiliwa katikati, kisha zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa njia ya kimo hicho mfuko mmoja wa kilo 50 unaelekea kutosha, sehemu bapa ihesabiwe peke yake. Msitumie mchanga wa baharini, chumvi yake huharibu. Zege likiwa bado bichi, lichoreni kwa ufagio mgumu kukatisha njia ili magurudumu yasiteleze masika, lifunikeni kwa magunia na kulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na kiti kisipite juu yake kabla ya hapo.